Programu ya Mfongo Iliyodhani Iko Argentina

Marahaba wote, pamoja na yule aliyeniamkia huku macho yake yako kwenye simu. Mmeniomba niwaandikie ninyi mnaoanza ufundi wa kompyuta, niwaeleze nilivyoifanya kazi hii hapa Moshi mpaka nikastaafu. Najua mlitaka maneno ya kutia moyo. Sina mengi. Nilicho nacho ni ubishi, na kwa umri huu sioni sababu ya kuuacha.

Juzi kijana mmoja wa chuo alikuja nyumbani kwangu Majengo, akaiona kompyuta yangu mezani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Bibi, hii bado inawaka au ni kumbukumbu tu?" Nikamwambia avute kiti. Nikaiwasha, nikamfungulia programu ya kupimia mabomba ambayo walioitengeneza walishafunga ofisi zamani. Akakodoa macho. "Lakini hii ni ya Windows, na wewe hapa una Linux. Imeingiaje?" Nikamwambia imeingia kwa mlango, kama wewe. Alikaa mpaka adhana ya magharibi na chupa yangu ya chai akaimaliza peke yake.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni jibu lake, safari hii kwa urefu. Watu watawaambia, tena watu wenye tai na kadi za biashara, kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine fulani lazima ife na mashine hiyo, na kwamba dawa yake ni moja tu, kununua upya kwao. Msikubali haraka. Mimi nilikataa tangu siku ya kwanza kazini, nikaitwa king'ang'anizi, nikaitwa mchawi wa vyuma, na bado nakataa.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta, kwenye karakana ya fundi Aloyce nyuma ya soko. Baba yangu alikuwa fundi redio, mtoto wa mtaa wa Bondeni, baba yake Mmanyema. Mama ni Mpare wa Ugweno. Wote wawili walinuna nilipokataa cherehani. Fundi Aloyce alinipokea kwa sharti moja: neno "imekufa" halisemwi mle ndani. Ukilisema, unachukua ndoo unakwenda kuchota maji, na ukirudi unatafuta neno jingine. Waya umekatika. Springi imelegea. Kutu. Mwenyewe hajui kuitumia. Mara nyingi ilikuwa hiyo ya mwisho. Mwaka wa kwanza nilichota maji mpaka majirani wakadhani nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Taipureta zilipokwisha na kompyuta zikaingia maofisini, nilihama na sharti lake, ila ndoo niliiacha.

Sasa huo mlango wenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, Windows, Linux au mwingine, ndio unaosimamia nyumba: nani afunguliwe faili, nani achorewe dirisha, nani apewe printa. Programu ya Windows imezoea kuomba vitu hivi kwa namna ya Windows. Ukiileta kwenye Linux inaomba kwa namna yake ileile, haieleweki inataka nini, inabaki imesimama nje. Wine ni programu huria, hailipiwi, imeandikwa na watu wa kujitolea wa pande nyingi za dunia, na kazi yake ni kukaa katikati. Inasikiliza ombi, inalipeleka kwa Linux kwa namna Linux inavyoelewa, inarudisha jibu. Kwenye zahanati za huku mlimani mmeona bibi anayejua Kimachame peke yake akiingia kwa nesi akiwa na mkwewe. Bibi anaeleza, mkwe anamwambia nesi, nesi anajibu, mkwe anarudisha. Nesi hakulazimika kuzaliwa Machame na bibi hakulazimika kwenda shule. Ila mkwe asipolijua neno fulani, hapo ndipo dawa inapokosewa, na hapo ndipo fundi anapopata kazi.

Na jina, ndiyo, najua kwa Kiingereza maana yake ni mvinyo. Mume wangu alipoliona kwenye skrini mara ya kwanza aliniuliza kama nimebadili dini.

Zipo njia nyingine. Unaweza kutengeneza kompyuta nzima ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ukaweka Windows humo. Ni njia nzuri, ila inataka mashine yenye nguvu na inataka Windows yenyewe, na wengi niliowahudumia hawakuwa na hiki wala kile. Walikuwa na mashine moja ya mtumba na programu moja ambayo riziki yao yote ilining'inia hapo.

Kama fundi kofia wa Bondeni. Alikuwa na mashine ya kudarizi na programu ya kuchorea nakshi. Nikamhamishia kwenye Linux, ikafunguka vizuri, nikaondoka kifua mbele. Kitu nilichokuwa sijakijua bado ni kwamba mwandiko, yaani fonti, nao ni faili, na programu isipoukuta mwandiko iliouzoea, kila herufi inaichora kijisanduku. Fundi naye hakuvaa miwani siku hiyo. Alikuwa amekusudia kudarizi jina la ukoo wa bwana harusi kwenye kofia za ndugu wote. Mashine ikadarizi visanduku, safu kwa safu, kwa uzi wa dhahabu. Nilipoitwa nilikwenda nimeshika moyo. Nikamkuta anacheka. Bwana harusi alikuwa amezipenda, watu wameziona msikitini, na wengine wanne wameulizia. Akataka kujua kama naweza kuiharibu tena vilevile. Nikamwekea mwandiko wake na visanduku pia, achague mwenyewe.

Kutoka kwake nilijifunza jambo ninalotaka mlishike: kila programu ipewe nyumba yake. Wine inakuruhusu kutengeneza folda inayojifanya Windows kamili, na unaweza kuwa nazo nyingi upendavyo. Usizirundike programu mbili nyumba moja kwa uvivu. Moja itabadilisha kitu ambacho mwenzake anakitegemea, zitagombana, na utakayeitwa kusuluhisha ni wewe. Kila moja na nyumba yake, na masharti yake mlangoni. Hilo la masharti ndilo lililotuokoa Masama, kule mlimani.

Mfongo wengi wenu mnaujua, mmekulia kwenye migomba ya maji yake. Kwa wasioujua, ni mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka mtoni juu mpaka vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kwenye ndizi, kahawa na ng'ombe wa ndani. Usiku maji hukusanywa kwenye bwawa, wao wanaliita nduwa, na mchana hufunguliwa kwa zamu. Wenye mfongo ndio wanaotoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kuuzibua. Usipotoka na jembe, zamu huna. Mfongo wa rafiki yangu Mama Anaeli una vitongoji viwili, cha juu na cha chini. Mradi fulani uliwajengea nduwa ya saruji, ukaweka koki mbili za umeme, kila kitongoji na yake, na kompyuta kwenye kijiofisi pembeni. Kompyuta inaliambia boksi la koki ratiba ya zamu, boksi linafungua na kufunga. Mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka. Ndivyo miradi ilivyo.

Mama Anaeli alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo, mwanamke wa kwanza. Zamani mwanamke hakukaribia hata banio la maji. Walisema mto utakauka. Wapo waliokuwa bado wanasema hivyo, na wa mbele yao alikuwa Mzee Kirenga wa kitongoji cha juu, mzee mwenye kahawa nzuri kuliko wote na ulimi kama msasa. Basi kiangazi kikiwa kikali, kompyuta ikazimika na haikuwaka tena. Koki zikabaki zimefungwa.

Akaja wakala kutoka Arusha, kijana mpole, amevaa vizuri. Akakagua, akasema programu hiyo haitengenezwi tena na haiingii kwenye mashine mpya. Kampuni yake ingefunga maboksi mapya, koki ziongozwe kwa mtandao kutoka ofisini kwao, wanakijiji wasipate usumbufu. Mkataba alikuja nao. Mkutano ukapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wengi walishaelekea kusaini, maana migomba ilikuwa inanyauka.

Mama Anaeli akanipigia. "Dada Mwanaidi, nikisaini, funguo za mfongo zinakwenda Arusha na hazirudi. Na watasema zimeondoka chini ya mwanamke."

"Na usiposaini?"

"Ng'ombe wanakufa kiu, na watasema wamekufa chini ya mwanamke. Njoo."

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nikachukua mkoba wangu.

Kilichoungua kilikuwa bodi ya kompyuta; diski ilikuwa nzima. Hapa andikeni: kabla ya kugusa chochote, nakili diski, na uifanyie kazi nakala. Ile ya asili ifunge kwenye kitambaa uiweke kabatini. Usharika wa kanisa la pale ukatupatia kompyuta yao ya zamani, haina nguvu hata ya kufungua Windows ya leo. Nikaweka Linux. Nikatengeneza nyumba ya Wine, nikaingiza programu ya koki. Ikafunguka, lakini ukibonyeza dirisha la ratiba inaanguka palepale.

Msifunge mkaondoka kwa hasira. Ianzishe kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi, usome inachonung'unikia kabla ya kuanguka. Nikanakili manung'uniko yale, nikayatuma kwenye uwanja wa mtandaoni wa wale wanaojitolea, kwa Kiingereza changu cha Moshi. Kesho yake mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, akanijibu kwamba kuna kijifaili cha zamani kinakosekana, nikipate wapi, nikiweke wapi. Hakuniuliza mimi ni nani wala nina cheo gani. Huo ni msaragambo, vijana wangu. Kila mtu anazibua kipande kilicho mbele yake na maji yanawafikia wote. Msidanganyike kwamba bure ni kwa ajili ya masikini. Ni kwa ajili ya waliotoka na jembe. Nami tangu siku hiyo nimejibu maswali ya watu wengi nisiowajua.

Likabaki boksi. Programu ilisema haioni waya wowote. Nusura niseme lile neno la ndoo. Kumbe Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kugusa tundu la waya mpaka umwingize kwenye kundi la wanaoruhusiwa, na Wine nayo lazima ionyeshwe kwamba tundu hili ndilo ile njia ya kwanza ambayo programu ya Windows inaitafuta. Nikafanya vyote viwili. Mama Anaeli akabonyeza kitufe cha majaribio, na nje kule tukasikia koki ikigonga na maji yakianza kukoroma kwenye bomba. Akanishika mikono yote miwili. "Aika, mae," akasema, asante mama, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba mimi ningeweza kukosea.

Ratiba ya zamani ilikuwa imo ndani ya diski, kila zamu mahali pake. Tukaiacha iendelee. Nikashuka mjini nikalala usingizi mtamu.

Siku ya pili yake simu ikalia. Wa juu walikuwa wameamka alfajiri na majembe, wamekuta koki yao imefungwa na maji yote yanaelekea chini. Wakasema wameibiwa. Wa chini wakaenda mchana kwa zamu yao, wakakuta koki yao nayo imefungwa. Wakasema wameibiwa wao. Hakuna kihamba kilichopata hata tone la maana, na maji ya usiku yalikuwa yamejimwagia korongoni. Kihamba cha Mama Anaeli kiko kitongoji cha chini. Unaweza kukisia wa juu walichosema. Mzee Kirenga alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. "Mmempa mwanamke mfongo, amemleta mwanamke mwenzake wa mjini na programu ya bure. Mlitarajia nini?"

Nilipanda nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilisahau miwani nyumbani. Nikafungua kila kitu. Boksi zima. Waya mzima. Programu inafuata ratiba bila kukosea hata kidogo. Mashine haikukosea, ratiba haikukosea, nami pia sikukosea, na maji hayakufika. Mkikutana na hali hiyo kazini, acheni kuikagua mashine. Tafuteni mtu aliyeitumia kabla yenu.

Mtu huyo alikuwa Mzee Elinihaki, katibu wa mfongo wa miaka mingi, aliyekuwa kitandani akiugua mguu. Tukamfuata nyumbani kwake. Mkewe akatuletea mtori wa ndizi, tukanywa kwanza, maana kwa Mzee Elinihaki huanzi na shida.

"Shikamoo mzee. Zamu ya juu uliiandika ianze saa ngapi?"

"Marahaba. Kunapokucha."

"Kwenye kompyuta imeandikwa sifuri."

"Ndiyo. Kunapokucha ni sifuri. Halafu saa moja, saa mbili, mpaka saa sita mchana wanapokea wa chini, mpaka saa kumi na mbili jioni tunafunga."

"Mzee, kwenye kompyuta sifuri ni usiku wa manane."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, waliileta ikiwa imekosewa. Ya mchana ilikuwa inaita kumi na mbili. Nikairudisha nyuma mwenyewe, nikaiweka saa ya Kiswahili. Kwani kuna nyingine?"

Nikaelewa. Kompyuta yake miaka yote ilikuwa inakwenda kwa saa ya Kiswahili, saa inayoanza kuhesabu jua linapotoka, na ratiba ameiandika kwa saa hiyohiyo. Mimi nilipounganisha ile ya usharika na mtandao kwa simu yangu, ilijisahihisha yenyewe ikaenda kwa saa ya kizungu. Kwa hiyo kila koki ikawa inafunguka mapema kwa masaa sita. Zamu ya juu ilipita watu wamelala, zamu ya chini ikapita wenyewe wakiwa bado nyumbani wanasubiri mchana. Mama Anaeli alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Mimi sikucheka mpaka nilipofika barabarani.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapoudhika kila nikikumbuka. Wakala nilimweleza jambo hili, akasema, kwa nia njema, kwamba wanakijiji wafundishwe kuandika ratiba kwa saa ya kompyuta. Nikamuuliza kwa nini. Mfongo umegawanywa kwa saa ya Kiswahili tangu huku mlimani watu walipoanza kuhesabu saa. Watoto wanaijua, wazee wanaijua, matangazo ya kanisani yanasomwa kwa hiyo. Vitongoji viwili vizima vibadilike ili kimashine kimoja kisisumbuke? Mfumo wake yeye, akakiri, hauna pa kubadilisha. Wangu ulikuwa napo.

Nilitaka kompyuta yenyewe ibaki na saa ya mtandao, kwa sababu mambo mengine yanaitegemea, lakini programu ya koki peke yake iishi kwa saa ya Mzee Elinihaki. Na si nimesema kila programu na nyumba yake, na masharti mlangoni? Unaweza kuianzisha programu moja ukiiambia iko nchi nyingine. Nikatafuta kwenye ramani mahali ambapo saa ya kizungu inalingana na saa yetu ya Kiswahili, huko kunapoitwa usiku wa manane huku kwetu kunakucha. Nikapata Argentina. Nikaandika mstari mmoja kwenye amri ya kuanzishia, na tangu siku hiyo programu ya mfongo wa Masama inaamini kabisa kwamba iko Argentina. Inaamka huko, koki zinafunguka Masama. Imekosea nchi, lakini haijawahi tena kukosea zamu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi, na kamati ilikuwa imeamua koki zisifunguliwe tena mpaka watu wakae, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona zamu hata moja ikipita vizuri. Jumamosi watu walijaa kwenye kijiofisi na nje mpaka kwenye ukuta wa nduwa. Wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, majembe mikononi, na sijui kama wote walikuja nayo kwa ajili ya kulima. Wakala alikuwa mezani na mkataba wake. Mama Anaeli akaeleza habari ya saa. Wengine wakacheka, wengine wakatikisa kichwa. Mtu wa nyuma akasema hadithi ni nzuri lakini haimwagilii migomba.

Mzee Kirenga akasimama. Nikajua tumekwisha. Lakini alimgeukia wakala.

"Kijana, nikuulize. Huku nyumba ikipata msiba, inapewa maji siku hiyohiyo, iwe zamu yao isiwe. Watu wanapika, watu wananawa. Leo nikifiwa, koki ananifungulia nani?"

Kijana hakudanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Mzee, mnatuma ombi ofisini. Leo ni Jumamosi. Litashughulikiwa Jumatatu."

Mzee Kirenga akamgeukia Mama Anaeli, bila kumtazama usoni. "Na kwako?"

"Kwangu unakuja unagonga," akasema. "Sipo, unagonga kwa Mzee Elinihaki. Hayupo, nitawafundisha watu wa vitongoji vyote viwili, wa juu wawe wengi kuliko wa chini ukitaka. Programu si yangu, wala si ya huyu dada. Haina ufunguo wa kumfungia mtu nje. Na kwa kuwa mnasema naiba, zamu ya chini ya leo naitoa. Saa sita wafunguliwe wa juu."

Wa chini wakaguna kwa nguvu. Mumewe mwenyewe, aliyekuwa amesimama karibu nami, alifumba macho. Migomba yao ilikuwa imeanza kuvunjika shingo na mkewe alikuwa anaigawa siku yao ya maji mbele ya watu waliomwita mwizi. Nami nilitamani kumvuta gauni akae. Siku yoyote ya kazi yangu sikuwahi kuogopa hivyo, maana kama koki isingefunguka saa hiyo, hakuna ambaye angenisikiliza tena, na yeye wangemwondoa palepale.

Mama Anaeli akaandika zamu mpya mbele yao, wote wakiinamia skrini ambayo nusu yao hawakuweza kuisoma. Alipotaka kubonyeza, Mzee Kirenga akamzuia mkono.

"Wa chini nao wana ng'ombe," akasema. "Gawa. Nusu kwetu, nusu kwenu."

Mama Anaeli akafuta, akaandika upya. Kisha akasogeza kiti. "Bonyeza wewe, mzee."

Alibonyeza kwa kidole kimoja, kidole kinene cha kuchuma kahawa, akakishikilia hapo kana kwamba kitufe kingetoroka. Tulikaa tukisikiliza. Saa sita ilipofika koki ikagonga nje, na maji yakaanza kukoroma. Waliokuwa ukutani wakashuka wakaanza kukimbia, wa juu kwenda juu, wa chini kwenda chini.

Wakala akauliza kwa sauti ya chini, mkataba afanye nao nini. Mzee Kirenga alishafika mlangoni, jembe begani.

"Kaa nao, mwanangu," akasema. "Sisi tunawahi maji."